Karoti Bila Jokofu: Uhifadhi na Upishi wa Karoti katika Kaya za Dadaab

Utangulizi

Maelekezo mengi ya upishi yaliyoandikwa kwa Kiswahili, yawe katika vitabu vya sayansi kimu au katika kurasa za mapishi magazetini, huumaliza uhifadhi wa karoti kwa sentensi moja: zitiwe katika mfuko wa plastiki, kisha ziwekwe ndani ya jokofu. Kisayansi sentensi hiyo haina kosa. Karoti hudumu kwa miezi zikiwa katika joto la nyuzi 0 hadi 1 za Selsiasi na katika hewa yenye unyevu wa asilimia 95 au zaidi, na jokofu pamoja na mfuko ndivyo vifaa vya nyumbani vinavyoikaribia hali hiyo. Kasoro iko kwingine. Sentensi hiyo imekwisha kumchagua msomaji wake kabla ya kumfundisha lolote, nayo imemchagua mwenye umeme na uwezo wa kununua friji. Hata mfuko wenyewe una mushkili nchini Kenya, ambako mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017.

Makala hii inalitazama suala hilo kutoka Dadaab, katika Kaunti ya Garissa. Huko ndiko ushauri wa jokofu unakokosa mashiko, na ndiko karoti moja iliyooza inakohesabika kuwa hasara halisi.

Safari ya karoti hadi Dadaab

Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, nazo Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992, wakati Wasomali walipokuwa wakiikimbia nchi iliyosambaratika baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka. Kambi hizo tatu zilikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipoikumba Somalia, idadi ilipita 400,000. Mgao wa chakula unaotolewa na Mpango wa Chakula Duniani umekuwa, kwa miaka mingi, nafaka au unga, kunde, mafuta na chumvi, na umepunguzwa mara kadhaa kwa uhaba wa fedha za wafadhili. Mboga mbichi si sehemu ya kapu hilo. Atakaye karoti huinunua sokoni kwa fedha zake au hubadilishana sehemu ya mgao wake. Kuanzia mwaka 2016 njia nyingine ilipatikana, yaani mpango wa Bamba Chakula, uliowapa wakimbizi sehemu ya msaada kama salio la simu la kununulia vyakula kwa wafanyabiashara walioidhinishwa. (Mwanafunzi wa isimujamii atalitambua jina hilo mara moja: ni la Sheng, si la Kiswahili sanifu, nalo lilieleweka na watu ambao wengi wao lugha yao ya kwanza ni Kisomali.)

Karoti hailimwi kwa urahisi katika joto la kaskazini mashariki. Mashamba ya kandokando ya Mto Tana karibu na mji wa Garissa hutoa maembe, ndizi, nyanya na matikiti, lakini karoti hupenda baridi ya nyanda za juu, kama ile ya Kinangop huko Nyandarua au ya sehemu za Meru. Bustani za magunia zilizoanzishwa kambini nazo zilifaa zaidi sukumawiki kuliko mboga za mizizi. Kwa hiyo karoti inayoonekana katika soko la Hagadera imesafiri mamia ya kilomita kwa lori, na kilomita mia moja hivi za mwisho, kutoka Garissa hadi Dadaab, imezipita katika jua kali. Aghalabu imekwisha kuoshwa kule ilikolimwa ili ing'ae machoni pa mnunuzi. Uoshaji huo huikwaruza ngozi yake nyembamba na kuiacha bila kinga, kisha hufungwa ndani ya gunia la nailoni lisilopumua vizuri. Inapomfikia mama wa kambini, karoti hiyo imetumia sehemu kubwa ya umri wake. Maisha yake yaliyosalia yanategemea atakavyoitendea tangu saa ya kwanza.

Kiu ya karoti

Mmea wa karoti huishi miaka miwili. Mwaka wa kwanza hujaza mzizi wake maji na sukari, na mwaka wa pili huitumia akiba hiyo kutoa maua na mbegu. Mzizi unaoliwa, basi, ni ghala la mmea ulio katikati ya maisha yake, na haufi siku unapong'olewa. Huendelea kupumua, na pumzi hiyo huenda kasi mara mbili au zaidi kwa kila nyuzi kumi za joto linaloongezeka. Takriban asilimia 88 ya uzito wa karoti ni maji. Ikipoteza asilimia 8 hivi ya uzito wake, huanza kusinyaa na kulegea, na mnunuzi huipita.

Katika Dadaab joto la mchana hukaribia au kuzidi nyuzi 35 kwa muda mrefu wa mwaka, na upepo mkavu hauishi. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Karoti ya nyumba isiyo na jokofu haiuawi na joto peke yake. Inauawa na kiu. Upepo hunywa maji ya mzizi hadi ukabaki kama kamba. Hata hivyo, tiba ya kuloweka karoti ndani ya maji na kuziacha humo siku nzima huleta adui wa pili, kwa maana maji yaliyotuama katika joto hualika bakteria, nazo karoti hugeuka utelezi. Kinachotakiwa ni unyevu wa hewa inayoizunguka karoti, si maji yanayoigusa. Atakayeielewa tofauti hiyo ataweza kubuni njia yake mwenyewe kwa chombo chochote alicho nacho.

Karoti iliyolegea tu, isiyo na harufu wala utelezi, haijaharibika. Ikilazwa katika maji safi na ya baridi kwa saa chache huyarudisha maji yake na kuwa ngumu tena, kisha ipikwe siku hiyohiyo. Weupe kama vumbi juu ya ngozi ni ukavu tu, wala hauna madhara. Ukijani kwenye shingo ni alama ya kupigwa na jua shambani. Una uchungu kidogo, nao hukatwa. Lakini madoa meusi yanayozama ndani, au ukungu, ni sababu ya kuitenga karoti hiyo mara moja ili isiziambukize zile nyingine.

Mchanga, kitambaa na chungu

Kazi ya kwanza, kabla ya chombo chochote, ni kuyaondoa majani kama yapo. Majani mabichi huipendezesha karoti sokoni, ila yanaendelea kuvuta maji kutoka mzizini. Yakatwe yote karibu na shingo, bila kuujeruhi mzizi wenyewe. Karoti zisioshwe mpaka zinapokaribia kupikwa. Zile zilizokuja zikiwa zimeoshwa zikaushwe kwa kitambaa. Zichambuliwe pia, maana moja iliyovunjika au kuoza huharibu rundo zima.

Chombo kilicho rahisi kuliko vyote ni mchanga, ambao Dadaab haujawahi kuukosa. Mchanga safi, uliochekechwa na kuanikwa juani, hunyunyiziwa maji hadi uwe na unyevu. Kipimo chake ni mkono: konzi ya mchanga ikikamuliwa isitoe tone, na kiganja kikifunguliwa tonge lisimomonyoke. Ndani ya debe au sanduku la mbao hutandazwa tabaka la mchanga, zikapangwa karoti zisizogusana, kisha tabaka jingine, hadi juu. Debe huwekwa pembe ya nyumba isiyofikiwa na jua. Pembe iliyo bora ni ile ya jerikeni za maji, kwa kuwa ardhi ya hapo huwa na ubaridi. Kila siku mbili tatu mchanga wa juu hunyunyiziwa maji kidogo, tena yafaa yawe yale yaliyooshea mboga.

Asiye na debe ana njia ya kitambaa. Karoti huwekwa katika karai juu ya vijiti ili zisikae majini, karai likafunikwa kwa kitambaa cha pamba au gunia la mkonge lililoloweshwa, na ncha za kitambaa zikaachwa zining'inie ndani ya sufuria ndogo ya maji iliyo kando. Kitambaa huyafyonza maji hayo polepole, na upepo unaoyavukiza huliondoa joto. Gunia la nailoni halifai hapa, kwa kuwa halifyonzi.

Njia ya tatu ni ya vyungu viwili, nayo ina historia inayostahili kutajwa. Katikati ya miaka ya 1990 mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alianza kuwasambazia wanavijiji wa kaskazini mwa nchi hiyo chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati yake mkajazwa mchanga mbichi, na juu pakafunikwa kwa kitambaa chenye maji. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Majaribio ya chombo cha aina hiyo nchini Sudan yalionyesha karoti zikidumu kwa siku 20 badala ya 4. Hata hivyo, kanuni yenyewe si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili. Mtungi na gudulia vya pwani vilitengenezwa kwa udongo unaopitisha maji kwa sababu hiyohiyo, na ubaridi wa maji ya mtungini ni matokeo ya jasho la chombo. 

Njia hizi za uvukizi zina mipaka, na si haki kumficha mtumiaji. Nje kukiwa na nyuzi 36 na unyevu wa hewa asilimia 40, maji yanayovukika hayawezi kulishusha joto chini ya nyuzi 25 hivi. Hilo si jokofu. Lakini tofauti ya nyuzi kumi, ikiandamana na hewa yenye unyevu, huigeuza siku mbili tatu kuwa juma zima au zaidi. Kwa bahati njema chombo hiki hufanya kazi vizuri zaidi katika Jilaal, kiangazi kikali cha kati ya Januari na Machi, yaani wakati kinapohitajika mno. Katika mvua za Gu na za Deyr, hewa inapojaa unyevu, nguvu yake hupungua. Kuhusu maji, chombo kidogo hutumia lita moja au mbili kwa siku, na katika kaya inayopanga foleni kisimani hicho ni kiasi cha kufikiriwa. Ndiyo maana maji yaliyotumika mara moja yanapendekezwa.

Angalizo moja husahauliwa. Maembe na ndizi mbivu hutoa gesi ya ethilini, ambayo huzitia karoti uchungu. Matunda ya Tana na karoti za Kinangop hununuliwa katika soko moja na kubebwa katika kikapu kimoja, lakini nyumbani yasilale pamoja.

Kumenya au kukwangua?

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kuishughulikia ngozi ya kitu kinacholiwa, na vitenzi hivyo havilingani. Ndizi na chungwa humenywa, kwa kuwa ganda lake huachana na nyama. Samaki huparwa magamba. Karoti haina ganda la namna hiyo. Ina ngozi nyembamba tu, na kitenzi kinachoifaa ni kukwangua, au kupara kama wasemavyo wengine. Maelekezo yanayomwambia mpishi amenye karoti humfanya achukue kisu na kuondoa utando mnene, pamoja na sehemu ya mzizi yenye karotini. Katika nyumba yenye karoti mbili za kuwalisha watu saba, uteuzi wa kitenzi ni suala la kiasi cha chakula kinachotupwa. Karoti changa hutosha kusuguliwa kwa kitambaa kibichi, na iliyokomaa hukwanguliwa kwa makali ya kisu yaliyolazwa.

Usafi wa maji unahitaji mkazo zaidi. Kipindupindu kiliingia katika kambi za Dadaab mwishoni mwa mwaka 2015, na mlipuko mwingine ukaanza Oktoba 2022. Karoti mbichi ya kachumbari, iliyogusa mchanga, gunia na mikono mingi, ioshwe kwa maji yaliyotiwa dawa au yaliyochemshwa na kupoa. Wakati wa mlipuko ni heri kachumbari isubiri na karoti ipikwe.

Jikoni

Karoti husifiwa kwa macho, na sifa hiyo ina ukweli wenye mpaka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza ilieneza hadithi kwamba marubani wake walizitungua ndege za adui gizani kwa sababu walikula karoti. Hiyo ilikuwa propaganda, sehemu yake ikiwa ni kuificha rada. Karoti haimpi mwenye afya macho ya paka. Lakini mtoto aliyepungukiwa na vitamini A hushikwa na upofu wa usiku, na upungufu ukizidi hupofuka kabisa; tena huwa mwepesi wa kufa kwa surua na kuhara. Kwa mtoto huyo karoti si hadithi. Karoti moja ya wastani, ya gramu 60 hivi, ina karotini ya kutosha kuupa mwili wa mtoto wa miaka miwili vitamini A ya siku nzima, almuradi mwili uweze kuipokea.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalopaswa kumwongoza mpishi. Karotini hufungwa ndani ya kuta ngumu za seli na haiyeyuki katika maji bali katika mafuta. Karoti iliyopikwa, ikakatwa ndogo au kupondwa, na kuchanganywa na mafuta, humpa mlaji karotini nyingi kuliko ile inayotafunwa mbichi. Mafuta ya mgao, ambayo yenyewe huongezewa vitamini A, yanatosha kwa kijiko kimoja.

Upishi wa Kisomali ulikwisha kulijua jambo hili kwa njia ya ladha. Katika suqaar, nyama hukatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kitunguu katika mafuta, kisha karoti na viazi vilivyokatwa kwa ukubwa uleule vikatiwa pamoja na maji kidogo na kufunikwa hadi vilainike. Huliwa kwa anjera au chapati. Katika bariis, wali wenye viungo vya xawaash, karoti hukatwa nyembamba, ikakaangwa kidogo na zabibu kavu, na kunyunyizwa juu ya sinia. Sinia hilo ni la sherehe, na si kila kaya hulimudu. Chakula cha kila siku ni maharagwe au kunde za mgao, na humo karoti huingia vizuri: kunde zilowekwe usiku kucha, zichemshwe hadi ziive, halafu karoti zilizokatwa ziongezwe katika dakika kumi na tano za mwisho pamoja na mafuta na chumvi. Zikitiwa mwanzoni hurojeka na kupoteza ladha. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, karoti huchemshwa katika maji machache, ikapondwa pamoja na kiazi au kunde na kutiwa mafuta matone kadhaa. Maji ya kuchemshia yasimwagwe, bali yalainishie chakula hicho au yaingie katika uji.

Ukubwa wa vipande si urembo. Kipande chembamba huiva haraka, na sufuria iliyofunikwa huhifadhi joto, hivyo kuni huokolewa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya haki za binadamu yameandika jinsi wanawake wa kambi hizi walivyovamiwa na kubakwa walipokwenda vichakani kutafuta kuni. Kila mzigo wa kuni unaoweza kukaa siku moja zaidi ni safari moja inayoahirishwa.

Karoti kavu

Jamii za kaskazini mashariki zina nyirinyiri, nyama inayokatwa vipande vyembamba, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta kwa miezi. Waliovumbua nyirinyiri walikuwa wafugaji waliojua kwamba nyama huharibiwa na maji yaliyomo. Karoti nayo yaweza kutendewa hivyo, ijapokuwa si lazima izamishwe katika mafuta. Kwa hakika uhifadhi wa karoti una ncha mbili: ama maji yake yote yabaki ndani, kama katika mchanga, ama yote yatoke. Inayoharibika ni ile iliyoachwa katikati.

Karoti safi hukatwa vipande vyembamba kama sarafu na kutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa dakika tatu, kisha hutolewa na kupozwa katika maji safi. Hatua hii huwakera wengi kwa kuwa inataka kuni, lakini bila hiyo vipande hubadilika rangi na harufu baada ya majuma machache. Baadaye hutandazwa juu ya wavu au mkeka safi, vikafunikwa kwa kitambaa chepesi dhidi ya nzi na vumbi, na kuwekwa penye upepo kivulini. Jua la moja kwa moja hukausha upesi zaidi, ila huiangamiza karotini. Katika hewa ya Jilaal kazi hii huchukua siku mbili au tatu. Kipande kilichokauka sawasawa hukatika kikikunjwa, na katikati yake hakina ulaini. Kilo kumi za karoti mbichi huacha kilo moja na ushei.

Faida yake huonekana barabara inapokatika. Mafuriko ya mwaka 2006 yaliifunika sehemu kubwa ya Ifo na kuwahamisha maelfu ya watu, na mwishoni mwa 2023 maji ya Tana yaliikata barabara ya kwenda Garissa pale Madogo. Nyakati kama hizo mboga mbichi hupanda bei au hutoweka sokoni, ilhali karoti kavu, ikilowekwa kwa nusu saa au saa moja na kutiwa katika kunde pamoja na maji yake ya kulowekea, hupikika kama kawaida. Hifadhi yake iwe ndani ya mkebe wenye kifuniko kinachobana, mahali pasipo na mwanga, nao ufunguliwe na kukaguliwa kila juma, hasa mvua zinapoanza. Upande wa ndani wa kifuniko ukionekana na umande, vipande vianikwe tena siku hiyohiyo.